Chupa Sita Zilizozimika

Profesa Vather alitazama saa yake kwa mara ya nne, na Gadiel Mshanga akahisi damu inampanda kichwani. Alikuwa amepewa dakika kumi. Saba kati ya hizo zilikwisha kuliwa na profesa mwenyewe, akieleza jinsi Taasisi ya Ridgeline inavyothamini uaminifu.

"Kikao ni saa nane mchana," profesa alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Uamuzi, kusema kweli, ni kama umeshaandikwa."

"Umeandikwa kabla ya kumsikiliza mtuhumiwa?"

"Tumemsikiliza. Analia tu."

Gadiel aliuma meno. Alikuwa askari mpelelezi Moshi kwa miaka kumi na minne kabla hajahamia Durban, na sasa alifanya kazi kwa mama Verediana, wakili wa Albert Park anayewatetea wageni. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona kilio kikihesabiwa kuwa ushahidi. Lakini kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mtuhumiwa huyu alikuwa mgeni hasa: Mireille, binti wa Bukavu, mwanafunzi wa udaktari wa kemia, aliyebakiza miezi mitano amalize. Akifukuzwa leo, kibali chake cha masomo kingekufa leo hiihii.

"Nieleze kosa lake kwa maneno ya mtu asiyesoma kemia," Gadiel alisema.

Profesa alivuta pumzi kama anayemfundisha mtoto. Mireille alikuwa ametengeneza fuwele ndogo mno, ndogo kiasi kwamba mamilioni yake yanatosha juu ya kichwa cha pini. Ukizimulika kwa taa ya zambarau zinawaka nyekundu. Katika daftari lake aliandika kwamba kwa kila sehemu mia za mwanga zinazoingia, sitini na mbili zinarudi. Namba kubwa. Wakaguzi walipokuja Jumatatu ya wiki iliyopita na kufungua kabati lake la vioo lisilo na kufuli, chupa zake sita zilikuwa na unga wa kahawia chini na maji meupe juu. Zikamulikwa. Hazikuwaka hata kidogo.

"Kwa hiyo ama namba alizitunga," alimaliza profesa, "ama aliziharibu fuwele mwenyewe ili tusizipime. Dakika kumi zimekwisha, Bwana Mshanga."

"Chupa hizo ziko wapi sasa?"

"Chumba cha eksirei. Hakuna aliyeona haja ya kuzichunguza zaidi."

Hakuna aliyeona haja! Gadiel alitoka bila kuaga, kwa sababu angeaga vibaya.

Chumba cha eksirei kilikuwa chini kabisa ya jengo, na ndani yake alikuwepo Kulthumu, msichana wa Tanga mwenye ushungi wa kijani, mwendesha mashine. Alimwamkia shikamoo, akafunga mlango na kuongea kwa sauti ya chini.

"Mjomba, mimi nilizichunguza. Usiku sikulala kwa hasira, asubuhi nikaziweka kwenye mashine bila kumwomba mtu ruhusa."

"Ukaona nini?"

Alimwonyesha karatasi mbili zenye mistari ya vilima na mabonde. Moja ilitoka kwenye chupa iliyokufa. Nyingine ilitoka kwenye chupa ya saba, ambayo Mireille alimletea mwezi uliopita apime umbo la fuwele. Kulthumu aliifungia kwenye droo yake na kuisahau; bado iliwaka.

"Tazama vilima. Viko mahali palepale, unene uleule. Maana yake ndani fuwele ni zilezile, ukubwa uleule. Hakuna aliyebadilisha chupa, hakuna aliyetunga kitu."

"Basi kwa nini moja inawaka na nyingine imekufa?"

"Kwa sababu ya ngozi." Kulthumu alichukua karatasi ya tatu. "Kila fuwele imevaa koti la asidi ya mafuta, jamaa yake yale ya zeituni. Koti ndilo linalozitenganisha. Ukiosha mara moja au mbili, unatoa mafuta ya ziada tu. Ukizidisha, unaanza kuvua koti lenyewe. Zikibaki uchi zinang'ang'aniana, zinazama, na mwanga unapotelea kwenye majeraha ya juu. Hii imetoka kwenye mashine ya infraredi, inayosoma hiyo ngozi. Alama ya mafuta hapa ilitakiwa iwe ndefu. Imebaki kama haipo."

"Mtu ameziosha."

"Ameziosha mno, mjomba. Na ameacha kitu." Kidole chake kiligusa bonde pana upande wa kushoto. "Hii si yetu. Nimeilinganisha na orodha nzima. Ni glisirini."

"Glisirini ya kujipaka?"

"Hiyohiyo. Asetoni ya maabara haina glisirini, ni safi kabisa. Asetoni yenye glisirini ni ile..." Kulthumu alinyanyua vidole vyake vyenye hina na kuvitazama. "Ni ile ya kufutia rangi ya kucha. Wanaichanganya ili isikaushe vidole."

Dada yake Mireille, Colette, ambaye ndiye aliyempeleka kwa wakili, alikuwa na saluni Albert Park. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Gadiel aliingiwa na wasiwasi kwamba profesa, pamoja na saa yake, huenda alikuwa na haki.

Lakini mpelelezi hakimbilii jibu la kwanza. Alipanda juu kumtafuta Peguy, mwanafunzi wa Kinshasa. Ufadhili wa mwaka ulikuwa mmoja, majina yaliyoshindana yalikuwa mawili, na katika daftari la sentrifuji, ile mashine ya kuzungushia chupa, jina la Peguy peke yake lilikuwepo Jumamosi ya kabla ya ukaguzi.

Peguy hakumkaribisha kiti.

"Ndiyo, nilikuwa hapa Jumamosi. Saa tatu mpaka saa sita. Juu ya ile basi ni miye niliua kristali za Mireille?"

"Unanufaika akiondoka."

"Nanufaika!" Peguy alicheka kwa uchungu, akatoa ufunguo mfukoni na kufungua kabati la chuma kwa kishindo. "Angalia. Iko asetoni safi. Iko metanoli, iko etanoli. Miye niko na ufunguo, kila mwanafunzi iko na ufunguo. Nikitaka kuua kristali, natia metanoli, dakika kumi, kwisha. Banasema kule chini mumekuta asetoni ya kucha. Papa, mutu mwenye ufunguo wa kisima anaenda kuchota maji ku mutaro?"

Gadiel alilitazama kabati, akamtazama kijana. Kinywa kilikuwa kichafu lakini hoja ilikuwa safi. Aliyeziosha fuwele alijua kwamba asetoni huosha fuwele, na hilo si kila mtu analijua. Alijua kutumia sentrifuji. Lakini hakuwa na ufunguo wa kabati. Peguy anao. Mireille naye anao. Basi si wao.

"Asante," alisema.

"Asante ya nini? Muliniita mwuaji!"

"Nimekuondoa kwenye orodha. Ungetaka nikuandikie barua?"

Alishuka getini. Mlinzi alimsogezea daftari la kuingia na kutoka, akalifungua ukurasa wa Jumamosi ile. Peguy, saa tatu hadi saa sita. Baada yake mstari mtupu, hadi Jumapili, hadi Jumatatu.

"Mchana wa Jumamosi hakuingia mtu yeyote?"

"Hakuna mtu, bhuti," alijibu mlinzi, akimwita kaka. "Mimi mwenyewe nilikuwa zamu."

"Hakuna kabisa? Jengo lilikaa tupu?"

"Eish, tupu. Wafagiaji tu."

Gadiel aliinua kichwa. "Wafagiaji?"

"Jumamosi wanapiga deki. Wale hawaandikwi. Kitabu ni cha watafiti na wageni."

Alilisoma tena jalada la daftari, kana kwamba kosa lingekuwa la macho yake. Watafiti na wageni. Miaka yote, watu wameingia na kutoka na funguo za jengo zima kiunoni, na kitabu kinasema jengo lilikuwa tupu. Hasira aliyokuwa nayo tangu asubuhi ilipata mahali pa kukaa.

Taxi ya kutoka Jacobs, ilipo taasisi, kwenda mjini ilisimama kwenye kila robot, kama Durban wanavyoziita taa za barabarani, na kila robot ilikuwa nyekundu. Ilikuwa saa tano na nusu alipoingia saluni ya Colette. Wateja wawili walikuwa kwenye viti, wa tatu analoweka kucha. Dirishani zilipangwa chupa za asetoni ya kucha, rangi ya waridi, zenye kofia nyeupe. Gadiel alichukua moja, akasoma nyuma kwa herufi ndogo, akakuta alichokitafuta: glisirini, manukato, rangi.

"Mama Colette, nani alichukua hii kwako Jumamosi ile kabla ya ukaguzi wa Mireille?"

Colette alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, lakini alishusha sauti ghafla. "Juu ya nini unauliza?"

"Kwa sababu hii ndiyo iliyoua kazi ya mdogo wako."

"Unasema ni miye?" Kitana kilimponyoka mkononi. "Miye niliuza hata cherehani ya mama kule Bukavu ili mutoto asome! Tena unakuya ndani ya nyumba yangu, mbele ya bantu..."

"Sikusema ni wewe. Nimeuliza nani alichukua."

Mteja wa kucha alijikuta anasikiliza kwa mdomo wazi. Colette aliokota kitana polepole.

"Hakuna mugeni. Ni mwalimu tu. Mwalimu Salvator. Aliniomba chupa mbili, akasema ni za kutoa gundi ku sakafu. Sikumuuliza hata. Ule ni mwalimu wetu, alitufundishaka sisi wote wawili chimie, hii kemia, kule lycée, sekondari ya Bukavu. Mireille alipenda chimie juu yake." Gadiel aliona maana inamwingia usoni. "Mungu wangu. Hapana. Ule mzee anamupenda Mireille sawa mutoto wake."

"Anafanya kazi gani Durban?"

"Anapiga deki," alisema Colette. "Kule kwa Mireille."

Saa saba kasoro kumi Gadiel alikuwa kwenye stoo ya ndoo na mafagio, nyuma ya ngazi za Ridgeline. Mzee Salvator alikuwa akikamua deki. Alikuwa na miaka sitini hivi, miwani imefungwa kwa uzi, na koti la kazi la bluu lililopigwa pasi mpaka likapata mikunjo mikali kama kisu. Gadiel aliweka chupa ya waridi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Uliziosha mara ngapi, mwalimu?"

Mzee hakuuliza kuosha nini. Alitundika deki mahali pake, akajifuta mikono.

"Saba."

"Kwa nini saba?"

"Mupaka maji ya kuoshea itoke safi. Vile tulifundishwaka, vile nilifundisha bantu miaka makumi mbili. Alumu, chumvi ya shaba, yote. Kristali chafu haina heshima." Alisema bila kumtazama. "Nilipita na deki, nikaona chupa zake ziko na mafuta, maji imefifia. Na Jumatatu wakaguzi wanakuya. Nikasema, mutoto amechoka, amesahau kuosha. Kabati ya asetoni imefungwa, mufagiaji hapewe ufunguo. Nikaenda kwa Colette. Nilitaka zing'ae."

"Zilikuwa zinang'aa! Mafuta ndiyo yaliyoziweka hai."

"Nilijua Jumatatu. Nilisimama ku mulango, nikaona taa haifanye kitu."

"Na ukanyamaza siku kumi!" Gadiel alipiga ndoo teke, ikagonga ukuta. "Siku kumi binti anaitwa mwongo! Anaitwa mwizi wa namba! Wewe unapiga deki mlangoni pake unamsikia analia! Mficha maradhi kifo humuumbua, mzee, lakini wewe umeficha ili kifo kimuumbue mtoto wa watu!"

Salvator naye akawaka. Hakuwa mzee wa kuinamisha kichwa.

"Nitaenda kusemea nani? Miaka tisa niko hapa! Nilileta diplome yangu ya licence, digrii kabisa, mu bahasha, banasema haitambuliki. Banasema shika deki. Leo niende niseme nimegusa kristali zao? Banifukuze saa ileile, na karatasi yangu ya ukimbizi inaisha mwezi wa tisa. Nilingoja bapime tena. Nikasema bantu ba sayansi, hawawezi kukosa kuona glisirini. Hata mwanafunzi wa lycée angeiona! Hawakuangalia hata!"

Hilo lilikuwa kweli na lilimchoma Gadiel pia. Lakini halikumsafisha mzee.

"Saa nane," alisema. "Utaingia na mimi, au nitaingia na chupa hii na jina lako."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. "Mwambie Mireille kwanza. Hapana. Nitamwambia miye."

Alimwambia pale pale kwenye korido ya chumba cha kikao. Gadiel alisimama kando. Mireille alikuwa msichana mdogo wa umbo, macho yamevimba, daftari amelikumbatia. Alimsikiliza mwalimu wake mpaka mwisho bila kumkata. Kisha akasema kwa sauti iliyotetemeka kwa ghadhabu:

"Juzi nilikuwa ndani ya choo nalia. Uligonga mulango, mwalimu. Ukaniuliza kama nataka maji."

"Ndiyo, mwanangu."

"Maji!" Akamgeuzia mgongo, akaingia ndani.

Kikao kilikuwa cha watu watatu, kwenye chumba cha mafunzo chenye mashine za maabara, Profesa Vather akiwa katikati. Gadiel alieleza eksirei, infraredi na asetoni. Kulthumu aliweka chupa ya saba mezani. Wakaipima palepale kwenye mashine ya mwanga: sitini na moja. Daftari la Mireille lilisema sitini na mbili. Mmoja wa wajumbe alikohoa.

"Chupa moja," alisema Profesa Vather. "Sita ziliharibiwa. Mnaniambia ziliharibiwa na mfagiaji? Mfagiaji anayejua kuosha fuwele na kuendesha sentrifuji? Samahani, lakini mtu huyu amepewa maneno ya kusema. Tunajua jinsi mnavyosaidiana."

Jinsi mnavyosaidiana. Gadiel alifungua mdomo, lakini Salvator alimtangulia, kwa Kiingereza kibovu na kilichonyooka. "Nipe asetoni ya Colette. Nitaonyesha."

"Kwenye chupa gani?"

Hakukuwa na nyingine ila ile moja. Chupa ya mwisho iliyo hai. Wote wakamgeukia Mireille. Alikuwa ameishika, nayo chini ya taa ya zambarau ilimtilia wekundu kwenye vidole. Akampa mzee.

Salvator alivaa glavu. Alimimina asetoni ya waridi tone kwa tone, mpaka mchanganyiko ukafifia. Aliweka chupa nyingine ya maji upande wa pili wa sentrifuji ili uzito ulingane, jambo ambalo hakuna aliyemwambia. Alizungusha, akamwaga maji ya juu, akaongeza toluini ya kutawanyia fuwele, iliyokaa kwenye rafu ya wazi, akatikisa kwa kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Chumba kilijaa harufu ya saluni. Baada ya kila mzunguko Kulthumu alipima na kusoma kwa sauti. Wa kwanza: hamsini na nane. Wa pili: arobaini na tisa. Wa tatu: kumi na saba.

Baada ya wa nne alisoma: "Mbili." Chini ya chupa palikuwa na unga wa kahawia.

"Inatosha," alisema Profesa Vather. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Tumeelewa."

"Bado tatu," alisema Mireille.

"Hakuna haja ya..."

"Aliosha mara saba!" Sauti yake iligonga vioo. "Siku kumi mumenitazama nikioshwa, hakuna aliyesema inatosha. Mukae. Muangalie. Endelea, mwalimu."

Mzee aliendelea. Machozi yalimchuruzika nyuma ya miwani, lakini aliosha mara ya tano, ya sita, na ya saba, kwenye chupa ambayo haikuwa na kitu tena cha kuua. Wale watatu walikaa na kutazama hadi mwisho. Saa kumi kasoro robo profesa alisaini kwamba tuhuma dhidi ya mwanafunzi zimefutwa, na kwamba apewe miezi mitatu zaidi ya kutengeneza fuwele nyingine. Kisha akageuza karatasi ya pili.

"Mfagiaji amegusa vifaa bila ruhusa. Funguo, tafadhali. Na jina lako kamili, kwa ajili ya kumbukumbu."

"Miaka tisa unanipa funguo," alisema Salvator, "na jina haulijue?"

Akaziweka mezani. Jina hakulitaja.

Gadiel aliwafuata hadi getini, hatua chache nyuma. Mireille alikuwa amembebea mzee mfuko wake wa nguo, na njia nzima alikuwa akimgombeza bila kupumua: mara saba, nani anaosha mara saba, mwalimu, hii si alumu, ungeniuliza, ungenigongea mulango useme, tutakula nini sasa, kesho unakuya kwa Colette, usiseme hapana. Mzee aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Mlinzi alifungua geti. Salvator hakupita. Aliingiza mkono dirishani, akavuta daftari la watafiti na wageni, akachukua kalamu iliyofungwa kwa kamba.

"Mzee, wewe huandikwi," alisema mlinzi.

"Mwache," alisema Gadiel, kwa sauti iliyomfanya mlinzi arudi nyuma.

Salvator aliandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni. Salvator Mushamuka. Saa ya kuingia aliiacha tupu. Saa ya kutoka: kumi na dakika tano. Kwenye nafasi ya kazi akaandika mkemia, akapiga mstari chini yake, akamrudishia mlinzi kalamu.